Pasaka ya Naivasha: 504, mimi na mabinti wawili

Jumatano, 27 Machi 2024. Arusha – Namanga – Kitengela

Tumetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili tuipite Ngaramtoni kabla daladala hazijaamka. Gari ni Peugeot 504 ya familia, ile ndefu yenye safu tatu za viti na gia kwenye usukani, niliyoirithi kwa baba yangu. Dada, miaka 16, amekaa mbele, boksi la spana miguuni. Mdogo, miaka 11, amejitwalia safu nzima ya kati: daftari, kalamu za rangi, tochi, karanga. Nyuma kabisa kuna hema, jiko la gesi na madumu ya maji.

Mume wangu amebaki. Kwake gari ni chombo cha kukutoa nyumbani kikufikishe kazini, na hilo alilisema kabla hatujaoana, kwa hiyo sina kesi naye. Alichofanya ni kuandika barua ya kuridhia watoto wavuke mpaka na mimi, akaipeleka kwa wakili ikagongwa muhuri, na jana jioni akajaza tenki bila kuombwa. Shuleni niliomba ruhusa ya siku za mwanzo. Mwalimu wa Dada aliuliza kama ni msiba au ugonjwa. Nikamwambia ni Safari Rally. Alinyamaza kidogo, halafu akasema ataandika "safari ya mafunzo".

Mbio hizi za magari zilianza 1953, mwaka aliotawazwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi zilifanywa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameanza, ili magari yakutane na matope ya kweli. Zikaingia kwenye ubingwa wa dunia 1973, zikaondolewa baada ya 2002, zikarudi 2021, na mwaka huu zimerudishwa tena kwenye Pasaka yake. Baba alikuwa dereva wa serikali upande wa Mbulu na aliyaona magari yale yakipita huko enzi hizo. Habari za Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, alizisimulia kwa namna ambayo ungedhani walikuwa wakila meza moja. 504 nayo ilishinda 1975 na 1978. Alipostaafu hakutaka kusikia habari ya gari jingine.

Kwa hiyo mimi mapenzi haya niliyakuta nyumbani, na mabinti zangu nao wameyakuta. Ila mkishakuwa watatu chini ya paa moja ndipo mnagundua kwamba hampendi kitu kimoja. Mimi napenda gari lenyewe, hili, na harufu ya viti vyake. Dada anapenda kinachofanyika chini ya boneti, hasa kikiwa na waya. Mdogo hana habari na injini. Yeye anapenda barabara. Tangu Januari anaangalia video zinazopigwa ndani ya magari ya mashindano, na hataki kuwa dereva, anataka kuwa navigeta, yule anayekaa pembeni akimsomea dereva noti za kona. Kona hupewa namba, kwa madereva wengi moja hadi sita: moja ni kali, sita unapita bila kuinua mguu. Timu huruhusiwa kuipita njia mara mbili tu kabla ya mashindano, kwa mwendo mdogo, ili kuandika noti hizo. Mdogo ameamua kwamba leo anaandika noti za barabara ya Namanga.

"Kulia tano, ndefu. Tuta. Tuta. Mita mia, kushoto sita. Punda."

"Punda haandikwi," Dada akamwambia. "Punda anahama."

"Hawa wa Longido hawahami."

Ni kweli, hawahami.

Namanga siku hizi si kama zamani, ulipokuwa unapanga foleni upande mmoja ukagonge muhuri, uvuke, upange tena. Kila kitu kiko chini ya paa moja. Pasi, barua ya baba yao, kadi ya gari, kibali cha muda cha gari, bima ya kadi ya njano. Ofisa wa upande wa Kenya alizipitia karatasi taratibu, akanitazama mimi, akamtazama Dada na boksi lake.

"Gari ni ya nani?"

"Yangu."

"Na mzee wa nyumba ako wapi?"

Nikamwonyesha barua. Akaisoma mpaka chini, akairudisha, akatoka nje na sisi. "Hebu fungua boneti kidogo." Nikadhani anataka namba ya injini. Kumbe marehemu baba yake alikuwa na pikapu ya 504 huko Nyeri, ya kubebea kabichi. Kenya waliendelea kuziunganisha 504 mpaka 2004, na kila mtu wa umri wetu ana moja ya kukumbuka. Alisimama pale akiitazama kabureta kwa muda uliotosha watu wa nyuma yetu kuanza kupiga honi.

Tulipopita Ilbisil sindano ya joto ikaanza kupanda.

Hapa nitakaa kidogo, maana hii ndiyo sehemu ya leo ninayotaka kuiandika vizuri. Feni ya 504 haifanyi kazi muda wote. Ina sumaku ya umeme: maji yakifika joto fulani swichi inapeleka umeme, sumaku inainasa feni, feni inazunguka pamoja na puli ya pampu ya maji. Maji yakipoa inaachiwa. Umeme huo unapita kwenye kipande kidogo cha kaboni, brashi, kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kinachosugua pete inayozunguka. Nilijua ni brashi kabla sijazima injini. Baba aliwahi kuibadilisha mbele yangu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nikaufunga. Nikaenda kukaa juu ya jiwe kivulini, mikono chini ya mapaja.

Dada alisubiri kwanza injini itulie. Mfuniko wa rejeta hakuugusa, na Mdogo aliyetaka kuugusa alipigwa kofi la mkono. Akakagua mkanda: mzima. Akakagua fyuzi: nzima. Akachukua kipande cha waya, akatoa umeme moja kwa moja kwenye betri mpaka kwenye brashi, akategesha sikio. Sumaku ikinasa hulia "tak", unaisikia hata ukiwa mbali. Kimya. Akaisukuma brashi kwa ncha ya bisibisi, akagusisha waya tena.

Tak.

"Brashi imeisha," akasema, si kwangu, kwa injini. Kisha: "Mama, kitabu cha babu kinasema nini, gari lifike?"

Kitabu cha babu ni kitabu cha gereji cha 504 chenye kurasa zilizogandana kwa grisi. Kinasema kwamba kwenye feni kuna boliti tatu zenye nati za kufungia, na mambo yakikuharibikia njiani unazikaza feni inabanana na puli, inazunguka muda wote, inakula mafuta kidogo na kupiga kelele, lakini unafika. Wakati anatafuta spana ya saizi yake, lori la Mombasa likasimama nyuma yetu. Dereva akashuka na dumu.

"Shikamoo," Mdogo akasema.

"Marahaba, mwanangu. Chukueni maji haya, mie nimefunga, yananitazama tu toka asubuhi." Akainama kuangalia anachofanya Dada. Nilijiandaa kwa lile swali la fundi yuko wapi, nimeshalisikia maishani mwangu kiasi cha kulijibu usingizini. Halikuja. Alichosema ni: "Kaza kwa zamu, mama. Hii kidogo, ile kidogo. Ukimaliza moja peke yake itakaa upande, itakula bearingi." Akasubiri mpaka injini ikawaka na upepo wa feni ukampepea kanzu, akaaga.

Tumelala kwa ndugu yangu mdogo, Kitengela. Masikio bado yanavuma.

Alhamisi, 28 Machi. Nairobi – Mai Mahiu – Naivasha

Kasarani kuna njia fupi ya maonyesho, chini ya kilomita tano, ambapo magari mawili yanakimbizwa kwa wakati mmoja kila moja kwenye mstari wake. Watu wengi, jua kali, soseji na mayai ya kuchemsha vinauzwa kila hatua. Ni tamasha zaidi kuliko mbio. Mdogo aliboreka: njia imejengwa, haina cha kuandikwa.

Dada yeye alikuwa ameshapotea kwenye maegesho, katikati ya Subaru. Vijana wa Nairobi wana Subaru zao, zimetolewa sailensa, zinapasua hewa, na wikendi hii zote zinahamia Naivasha. Nilimkuta ameinama juu ya injini ya mtu anajadili turbo. Yule kijana alikuwa na adabu, ananiita "mum". Lakini jioni kwenye barabara ya kutoka Nairobi tuliwaona wenzake wakilipita foleni kwenye kona, taa zimewaka, huku lori linakuja. Nikamwambia Dada, na narudia hapa: mbio ni pale barabara ilipofungwa na kila aliyeko ndani amevaa helmeti. Nje ya hapo ni kuua watu. Hakubishana. Alisema tu kwamba yule wa mazungumzo si mmoja wao, na inawezekana.

Tuliteremkia Mai Mahiu, njia ya chini, ile yenye kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa vita vya pili. Gia ya pili mwanzo mpaka mwisho, breki naigusa tu. Bonde lote liko kushoto, Longonot imekaa mbele. Malori yamejipanga. Mdogo alikuwa akisoma kwa sauti ya chini, mwenyewe, noti alizokuwa anaandika papo hapo.

Kambi iko kando ya ziwa. Kuna uzio wa umeme kwa ajili ya viboko, na usiku wanakuja mpaka hapo wanakula majani, unawasikia wanavyoyang'oa.

Ijumaa Kuu, 29 Machi. Kedong

Kedong ndiyo njia ya mashindano iliyo ndefu kuliko zote za siku ya leo, zaidi ya kilomita 30, na ndiyo yenye lile vumbi. Nilikuwa nimelisoma tu. Ni laini kama unga wa sembe, limejaa kwenye mifereji ya magurudumu kiasi cha kuficha mawe, ukikanyaga linakupanda mpaka kwenye goti na halina uzito. Gari likiingia humo kwa kasi linapotea lote, halafu linatokea mbele kwa pua.

Tulifika kabla ya jua kuchomoza vizuri na tukapata nafasi juu ya kichuguu, mbali na kona kwa nje. Hilo la mahali pa kusimama ni somo lenyewe, na hapa ndipo niliona faida ya daftari la Mdogo. Alitembea na mimi mpaka pale watu wengi walipokuwa wamejazana, akaitazama njia, akasema, "Hapa ni kulia nne inayobana, halafu kuna jiwe. Akiteleza anakuja hapa." Hapa ni pale palipokuwa na familia nzima na blanketi. Askari wa njia alikuja kuwaondoa baadaye kidogo.

Kwanza unasikia helikopta. Kisha magari ya usalama, 00 na 0, yanapita kukagua. Kisha kimya kirefu, kwa sababu kwenye Safari wanayatenganisha magari kwa dakika kadhaa ili vumbi litulie. Kisha helikopta nyingine, chini zaidi, na chini yake mstari mweupe unaokimbia porini. Sauti inafika mwisho. Inapasuka, inapasuka, inashuka gia, halafu Toyota inatokea ikiwa imekaa upande, mkonga wake umesimama kando ya kioo cha mbele, vijiwe vinapiga kichuguu chetu, na imeshapita. Vumbi likatufunika. Nilimsikia Dada anacheka ndani ya vumbi, kicheko ambacho sijakisikia tangu alipokuwa mdogo kabisa.

Mkonga ni ule ule tunaoujua kwenye Land Cruiser zetu za porini: bomba la kuvutia hewa limepandishwa mpaka usawa wa paa, injini isinywe maji wala vumbi. Mahali pengine pa ubingwa huu hawaufungi. Hapa wanaufunga.

Pembeni yetu kulikuwa na mzee mmoja wa Gilgil na kiti chake cha kukunja na redio. Alikuwa akifuata Safari tangu ya Joginder Singh, Simba wa Kenya, aliyeshinda 1965 kwa Volvo, na 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Anasema siku hizo gari lilikuwa likinasa mbele ya kijiji, kijiji kinasukuma, na ukisukuma la Joginder unasimulia mwaka mzima. Mdogo alimuuliza navigeta wa Joginder alikuwa nani. Mzee akafikiria, akafikiria. "Hilo swali hakuna mtu ameniuliza," akasema, na akanyamaza mpaka gari lililofuata.

Jioni tulisimama kwenye uzio wa kituo cha mafundi, mjini Naivasha. Timu zina dakika 45 za kulitengeneza gari usiku, zikizidi wanaadhibiwa. Nilikuwa nimesubiri kumwonyesha Dada hili kwa muda mrefu: mafundi wanavyoingia chini ya gari bila kugongana, kila mmoja na upande wake, hakuna anayepiga kelele. Alitazama kwa heshima. Lakini kilichomteka hakikuwa hicho. Magari haya, kwa kanuni za msimu huu wa 2024, yana injini ya petroli ya lita 1.6 yenye turbo, na juu yake mota ya umeme ya kilowati 100. Kwenye maeneo fulani yanatakiwa kutembea kwa umeme peke yake. Kwa hiyo gari lile lile lililotupasua masikio Kedong lilikuja taratibu mbele yetu bila sauti yoyote, ukisikia tairi tu zinavyosaga kokoto.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hicho."

Usiku kucha alikuwa akinieleza habari ya mota na betri. Mimi gari lisilo na sauti silielewi. Kwangu injini ni kitu kinachoongea, na ukikisikiliza kinakwambia kinaumwa wapi. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mota nayo inaongea, ila kwa kompyuta, na kwamba 504, kwa heshima zote za babu, ni gari la makumbusho. Nililala nimekasirika kidogo.

Jumamosi, 30 Machi. Soysambu

Tulikwenda Soysambu asubuhi, pembeni ya ziwa Elmenteita. Pundamilia, flamingo kwa mbali, kile kilima kinachoitwa Sleeping Warrior kimelala chali kama kawaida yake. Magari yalipita. Tuliona vizuri. Mdogo alipigwa na jua, tukarudi mapema.

Jioni, na moto umewaka, wakataka hadithi, na nikawapa ya Michèle Mouton. Dada alikuwa anaijua nusu. Mouton ni Mfaransa, wa Grasse. Alianza kama navigeta, baba yake akamwambia kama anataka kuendesha yeye atamnunulia gari na kulipia msimu mmoja. Ndani ya mwaka huo aonyeshe anaweza. Alionyesha. 1981 akashinda Sanremo nchini Italia, mwanamke wa kwanza kushinda mbio za ubingwa wa dunia, na 1982 akashinda Ureno, Ugiriki na Brazili kwa Audi Quattro, akabaki anawania ubingwa wenyewe na Walter Röhrl wa Ujerumani. Wakaenda Ivory Coast. Muda mfupi kabla ya kuanza, akapata habari kwamba baba yake amefariki, kansa. Mama yake akamwambia akimbie. Akakimbia, akaongoza kwa muda mrefu, halafu akaharibikiwa, akaanguka, na ubingwa ukaenda kwa Röhrl. Alimaliza mwaka ule wa pili duniani. Na Pasaka iliyofuata, 1983, akaja huku, Safari Rally, akamaliza wa tatu.

Dada aliuliza alifanyaje siku ile, aliendeshaje. Sikuwa na jibu la kumpa. Nilifikiria baba yangu, na siku niliyokwenda kulichukua hili gari kwake, nikalikuta ameliosha.

Mdogo alikuwa na swali moja tu. "Alikuwa na nani pembeni?"

"Fabrizia Pons. Mwitaliano."

"Mwanamke?"

"Mwanamke. Ivory Coast alikuwa naye, na hapa Safari alikuwa naye."

Akafungua daftari akaliandika jina, ukurasa wa kwanza, juu. Akaniuliza tahajia ya Pons. Dada kwa upande wake alitaka kujua ya hapa kwetu, nikamwambia habari ya Orie Rogo Manduli, Mkenya, aliyewahi kuwa Miss Kenya na ambaye 1974 aliingia Safari kama dereva, Mwafrika mwanamke wa kwanza. "Miss Kenya," Dada akarudia, na akaitazama mikono yake iliyokuwa bado na grisi ya juzi.

Pasaka, 31 Machi. Hell's Gate

Tulisali kambini na familia mbili tulizozikuta pale, wimbo mmoja na Baba Yetu, kisha tukakimbia kuwahi. Hell's Gate ndiyo ya mwisho, ndani ya hifadhi, kuta za miamba pande mbili na ule mnara wa Fischer umesimama peke yake. Vumbi hapa ni kijivu. Watu ni wengi kuliko siku zote na kila mtu amevaa fulana ya kitu fulani.

Kalle Rovanperä ameshinda. Alishika uongozi Ijumaa na hakuuachia, akamaliza zaidi ya dakika moja na nusu mbele ya Takamoto Katsuta, wote Toyota, na Adrien Fourmaux wa Ford akawa wa tatu. Dada anajua yote ya Rovanperä: kwamba alizaliwa 2000, kwamba akiwa na miaka minane alikuwa anaendesha Toyota Starlet kwenye barafu huko Finland, video ipo, na kwamba 2022 alikuwa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote. Starlet! Ile ile ya mwalimu wetu wa kwaya.

Asichokijua ni kwamba baba yake, Harri, alikuja hapa 2002, Safari ya mwisho kabla mbio hazijaondolewa kwenye ubingwa, akawa wa pili. Kwa Peugeot 206. Nimeisubiri nafasi hii tangu Ijumaa usiku.

"Peugeot," nikasema.

"Ya pili," akasema. "Mtoto kashinda kwa Toyota."

Katsuta naye ni mtoto wa dereva, baba yake Norihiko ni bingwa wa Japani mara kadhaa. Kwa hiyo wa kwanza na wa pili leo wote wamekulia gereji. Wanaume wawili waliokuwa nyuma yetu walikuwa wakilizungumza hilo kwa kusifia: damu, wamerithi, ndivyo inavyotakiwa. Baadaye kidogo mmoja wao alimwona Dada akimweleza mdogo wake kwa nini gari moja lilikuwa linatoa moshi mweupe, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na huyu nani alimfunza mambo ya gari?" Nikamwambia karithi. Akacheka, akidhani natania.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili. Naivasha

Barabara ya kurudi Nairobi imefunga kabisa, tumeamua kulala tena. Tumefua. Dada amesafisha chujio la hewa, vumbi la Kedong limejaa kopo. Mdogo amelihifadhi kwenye chupa, sijui kwa nini.

Jumanne, 2 Aprili. Nairobi, Kirinyaga Road, na kuelekea Namanga

Feni bado imefungwa kwa boliti na kelele yake imenichosha, tukaingia Kirinyaga Road kutafuta brashi. Hii barabara kila duka ni spea. Duka la kwanza walitaka kuniuzia feni nzima ya umeme. La pili, kijana alimsikiliza Dada, akamjibu kwa kunitazama mimi. Dada akauliza tena. Akanijibu mimi tena. Nikatoka nje kununua maji, na niliporudi walikuwa wanaongea wenyewe. Kumbe hana, ila anamjua anayeweza.

Anayeweza ni mzee mmoja nyuma ya maduka, kibanda cha mabati, meza moja. Hana brashi ya 504 na anasema haijaingia Nairobi miaka. Alichomoa brashi ya altaneta ya Toyota kwenye kopo, akaipima na ile iliyoisha, akaweka msasa juu ya meza na kuanza kuisugua, upande huu, upande huu, anaipima, anasugua. Kaboni inatoa unga mweusi unaong'aa. Dada alimwangalia mpaka ilipobaki kidogo, akasema, "Babu, ya akiba naomba niisugue mimi."

Akampa. Alisugua nyingi mno upande mmoja, ikacheza ndani ya tundu. Mzee akaitupa, akampa nyingine bila kusema kitu. Ya pili ilikaa. Wakalegeza zile boliti tatu, kwa zamu, wakapitisha waya, na kibanda kizima kikasikia tak. Mzee hakutaka hela ya ile iliyoharibika. "Hiyo ni ya shule," akasema.

Tumetoka Nairobi saa nane. Feni imenyamaza, sindano imekaa katikati. Mdogo alifungua daftari Kitengela ili anisomee barabara, akasoma mistari miwili, akanyamaza. Noti zake zote ziliandikwa tukija. Sasa kulia zimekuwa kushoto, mteremko umekuwa mlima, na kona inayobana ukija inafunguka ukirudi. Nikadhani atanuna. Aligeuza ukurasa mpya, akaandika juu "Nairobi – Arusha", akamwambia dada yake azime redio.

Tumeshapita Kajiado. Nimeuliza nani ana njaa nikaambiwa nisiongee kwenye kona.